Besi Haiko Kwenye Waya

Msimu uliopita, malipo ya korosho yalipoingia, mpwa wangu alinipigia simu jioni. "Shikamoo, mjomba. Njoo nyumbani usikie besi."

Nikapita katikati ya minazi mpaka kwake. Sebule imejaa vijana, mkeka umetandikwa hadi mlangoni. Kutoka nyuma ya amplifaya hadi kwenye spika zake mbili kubwa za mbao, alizozinunua mtumba mjini Mtwara, zimelazwa nyaya nene kama kidole. Plastiki yake inaonyesha ndani, humo zinang'aa nyuzi nyekundu, na ncha zimevishwa chuma cha rangi ya dhahabu. Akafungulia singeli. Besi ikagonga hadi bati likaitikia.

"Umesikia, mjomba? Sauti iko kwenye waya."

Redio ile ile nilikuwa nimeisikia wiki mbili kabla, na kweli besi haikuwepo. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba masikio yake yanamdanganya. Nilimwuliza bei tu. Alichonitajia kingemnunulia jozi nyingine ya spika, na daftari za watoto zikapatikana kwenye chenji.

Imani hii nimeikuta Msimbati, nimeikuta Mikindani, nimeikuta kwenye kaunta za maduka ya vifaa vya umeme, na inatamkwa kwa uhakika wa mtu anayekutajia dawa. Ukilalamika kwamba spika inakoroma, unaonyeshwa roli la waya. Ukisema sauti imekauka, unaonyeshwa roli lile lile. Mimi nimeshika pasi ya kuchomea redio za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nasema bila kumung'unya: imani hii ni ya uongo, na inakula fedha za watu wasio na fedha za kutupa. Waya hauna besi ndani yake. Waya ulio bora kuliko zote duniani hupitisha kile kilichotolewa na amplifaya bila kukipunguza sana, basi. Hauna uwezo wa kuongeza hata chembe.

Sisi watu wa Madimba tulistahili kuwa wa mwisho kudanganyika katika hili. Tangu mwaka 2015 mtambo wa kusafisha gesi uko hapa kwetu. Gesi inatoka kwenye visima vya Mnazi Bay, upande wa Msimbati, inasafishwa hapa, kisha inaingia kwenye bomba la inchi 36 kwenda Dar es Salaam. Mtoto yeyote wa hapa ukimwuliza gesi iko wapi atanyosha kidole kuelekea visimani, hatanyosha kuelekea kwenye bomba. Bomba limefanywa pana kwa sababu mzigo ni mkubwa na safari ni ya mamia ya kilomita. Hakuna mama ntilie anayeamini kwamba jiko lake litawaka kwa nguvu zaidi kama mtungi ulio chini ya meza utaungwa kwa bomba la inchi 36. Mpira mwembamba unamtosha, ilimradi haujatoboka na kibano kimekaza. Waya wa spika ni mpira ule. Unene wake unategemea mzigo na umbali.

Tupige hesabu, maana haina siri. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Chukua waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, uvute mita tano kwenda kwenye spika na mita tano kurudi. Jumla ni omu 0.23 hivi. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8. Kinachopotea njiani ni robo ya desibeli, na watu wengi, muziki ukiwa unapiga, hawatambui tofauti iliyo chini ya desibeli moja. Sasa weka waya wa milimita 1.5, ule unaotandazwa ukutani kwa ajili ya taa. Upotevu unashuka hadi desibeli 0.12. Weka wa milimita 2.5, ule wa soketi, upotevu unapungua tena, na sasa unabishania kitu ambacho hata kipimo cha fundi hakikioni kwa urahisi. Baada ya hapo, kila shilingi unayoongeza inanunua plastiki.

Lakini besi ya mpwa wangu ilirudi. Hilo lilinisumbua njia nzima, kwa sababu kijana yule si mwongo.

Kesho yake nikarudi na kisu, betri moja ya kurunzi na kipimo changu. Waya wa zamani alikuwa ameuviringisha chini ya kitanda. Ulikuwa waya mwembamba wa kawaida, pande zote mbili rangi moja, hauna mstari wala alama ya kukuonyesha upi ni chanya na upi ni hasi. Ncha zake zilikuwa zimegeuka kijani. Nikamwomba auunge kama ulivyokuwa siku zote. Kisha nikachomoa ncha za upande wa amplifaya, nikagusisha betri: spika ya kushoto ilisukuma utando wake kuja mbele, na ya kulia ikauvuta kwenda ndani. Nikarudia mara tatu ili aone kwa macho yake.

Hapo ndipo besi ilipokuwa imekufa. Waya wa spika moja ulikuwa umegeuzwa, chanya kwenye hasi. Spika moja inasukuma hewa wakati ile ya pili inaivuta, na mawimbi marefu ya besi yanauana katikati ya chumba kabla hayajafika kwenye mkeka. Aliponunua waya mpya, mmoja wa nyuzi zake mbili ulikuwa na mstari mwekundu ubavuni. Akafuata mstari ule, akaunga sawasawa bila kujua alichokirekebisha. Zaidi ya hapo, alikata ncha mpya, safi, akazikaza. Alibadilisha mambo matatu kwa mkupuo, na sifa zote akaupa waya, uliomgharimu zaidi.

Nikakata ncha za kijani za waya wa zamani, nikazikwangua, nikaunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Tukafungulia wimbo ule ule. Bati likaitikia tena.

Hakukubali. "Ule mnene una uzito zaidi, mjomba. Unasikia kifuani." Sikumlaumu, mtu aliyelipa fedha ile lazima atetee. Tukatundika kanga mbele ya amplifaya, mimi nikakaa nyuma yake na nyaya zote mbili, yeye na rafiki yake wakakaa mkekani. Kila mara nilirusha sarafu: ikilala upande mmoja naunga mnene, ikilala upande mwingine naunga mwembamba. Sauti haikuguswa, wimbo ulikuwa mmoja, mara kumi. Walitakiwa kusema tu ni upi unaopiga. Mpwa wangu alipatia mara tano. Rafiki yake, aliyekuwa anajiamini kuliko sisi sote, alipatia nne. Sarafu yenyewe ingepata hivyo hivyo.

Ninasimulia kwa urefu kwa sababu naona hapa ndipo imani yote inapozaliwa. Karibu kila mtu aliyeniapia kwamba waya mpya umeiponya redio yake, nikichunguza nakuta iliponywa na kitu kingine alichokigusa siku ile ile: muungo uliokuwa umelegea, ncha zilizoliwa na chumvi, waya uliogeuzwa, spika iliyosogezwa ili waya mpya ufike. Anayeuza waya hana haja ya kudanganya. Anangoja tu mteja arudi na ushuhuda.

Na ushuhuda huo haukuanzia kwetu. Zamani hata Wamarekani waliunga spika zao kwa waya wa taa za mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Noel Lee wa San Francisco akaanza kuuza waya mnene wa spika kwa jina la Monster Cable, na biashara ya kumuuzia mtu sauti kupitia waya ikashika kasi. Ilifika mahali ambapo mwaka 2007 jozi moja ya nyaya za kampuni ya Pear ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 7,000. James Randi, mtu aliyetumia maisha yake kufichua wadanganyifu, akatangaza kwamba atakayeweza kuzitofautisha na nyaya za kawaida kwa kusikia tu, bila kuziona, atachukua dola milioni moja. Jaribio hilo halikufanyika. Anayeamini kwa dhati kwamba masikio yake yanasikia waya alikuwa na dola milioni moja zinamngoja.

Wauzaji wakibanwa kwenye hesabu ya ukinzani hukimbilia maneno makubwa zaidi. Wanasema umeme hupita juu juu ya waya, kwa hiyo unahitaji nyuzi maalumu. Kuna chembe ya ukweli hapo, na ndiyo inayowapa nguvu. Katika mitetemo ya kasi umeme huegemea pembeni mwa shaba. Kwa mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo mtu mzima wa umri wangu hata haisikii, umeme huzama karibu nusu milimita. Kwa besi ya mitetemo 50 huzama zaidi ya milimita 9, yaani unaujaza waya wote hadi kiini, na hata ungekuwa mnene kama kidole ungeujaza. Besi ndiyo wanayokuuzia, na besi ndiyo isiyoguswa kabisa na jambo wanalolisema.

Wengine watakwambia nyaya za spika mbili lazima zilingane urefu hadi sentimita, la sivyo sauti ya kushoto itaiwahi ya kulia. Umeme hukimbia kwenye waya kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Sauti hewani hutembea mita 340 tu. Ukisogeza kichwa sentimita moja kuelekea spika ya kushoto, umeleta tofauti ya muda ambayo kwenye waya ingehitaji kilomita tano na ushei. Kata waya wako kulingana na chumba chako, usiviringishe mita nne za ziada nyuma ya kabati kwa hofu ya bure.

Kuna mahali ambapo waya una kazi kweli, na nitakuwa mwongo nisipopataja. Nenda kwenye kibanda umiza siku ya mechi kubwa. Mwenye kibanda anataka watu waliobaki nje wasikie, kwa hiyo anavuta waya mita thelathini hadi kwenye nguzo, na kwa kubana matumizi anachukua ule mwembamba kabisa wa nusu milimita. Kwenda na kurudi ni mita sitini, ukinzani unapita omu mbili. Spika yake ni ya omu nne. Zaidi ya nusu ya nguvu ambayo spika ingeipata inapotea, kisha anailaumu spika, anaongeza sauti, amplifaya inachemka na mimi naletewa maiti yake Jumatatu asubuhi. Mtu huyu ndiye anayehitaji waya mnene. Wa milimita 2.5 ungemrudishia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ile, naye angeupata duka lolote linalouza vifaa vya kuingiza umeme nyumbani, bila dhahabu na bila plastiki ya kioo.

Vipaza sauti vya msikitini, vile vya umbo la tarumbeta vilivyofungwa juu, vinafundisha jambo jingine. Mafundi walioijua kazi yao hawakuhangaika na unene. Amplifaya inapandisha volti hadi 70 au 100, umeme unaopita unakuwa kidogo, upotevu unapungua, na huko juu transfoma ndogo inashusha volti kabla ya kuingia kwenye kipaza sauti. Ndivyo TANESCO wanavyosafirisha umeme kwa volti 33,000 na kuushusha mtaani. Adhana inafika mbali kwa waya mwembamba kwa sababu kuna mtu alipiga hesabu.

Sasa nirudi kwenye ule waya mnene wa mpwa wangu, kwa sababu mambo hayakuishia kwenye kanga. Nilipoushika mkononi niliona ni mwepesi mno kwa unene wake. Nikatoa uzi mmoja, nikauparaza kwa wembe. Wekundu ukatoka, ndani ikabaki nyeupe. Alikuwa ameuziwa alumini iliyopakwa shaba kwa bei ya shaba tupu, ikavishwa plastiki inayoonyesha ndani ili wekundu ule umshawishi.

Alumini si kitu kibaya. Nyaya nyingi zilizoko kwenye nguzo za umeme ni za alumini, zimenenepeshwa ili kufidia, na hakuna aliyedanganywa. Lakini alumini ina ukinzani unaozidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na ikikaa hewani hujivisha utando usiopitisha umeme. Ukiikaza kwenye kibano leo, baada ya miezi imelegea. Kuitambua ni kazi ndogo. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa kipande cha ukubwa ule ule, na ukiiparaza kwa wembe ni nyekundu hadi ndani. Kinachoniuma ni kwamba kijana huyu alikwenda dukani akiwa na nia ya kununua kilicho bora. Alikuwa tayari kulipa. Akaadhibiwa kwa nia yake njema.

Na hapa pwani hata shaba safi haina amani. Nyumba zinazotazama maji, kuanzia Msimbati hadi kule mto Ruvuma unakoingia baharini, zinapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Ncha ya waya iliyoachwa wazi hugeuka kijani, na kile kijani kinazuia umeme kuliko mita nyingi za waya mwembamba. Kila baada ya masika, chomoa waya, kata sentimita moja ya ncha, menya upya, chomea risasi ili nyuzi zishikane na zisiliwe, rudisha, kaza. Kazi ya dakika kumi. Sijaona waya wa bei yoyote uliofanya makubwa kama dakika hizo kumi.

Baada ya hapo tazama chumba. Wazee wetu wa ngoma wanawasha moto wa majani na kuzisogeza ngoma karibu, ngozi ikaze, kabla hawajapiga hata pigo moja. Mpigaji anainamia, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Wanajua sauti inakaa kwenye ngozi, kwenye mti uliochongwa na mahali ngoma iliposimama. Ngoma inayopigwa uwanjani na ile inayopigwa ndani ya chumba ni ngoma mbili. Spika nayo ni ngozi, mti na mahali. Sebule zetu mpya zina kuta za saruji, sakafu ya saruji na bati juu. Sauti inagonga huku na kurudi kule hadi maneno ya mwimbaji yanashikana. Chini ya makuti wimbo ule ule unatulia. Tandika mkeka na zulia, tundika pazia zito, weka kochi la vitambaa, na utasikia tofauti ambayo hata jirani ataikubali bila kushawishiwa. Sukuma spika karibu na kona, besi itaongezeka kwa desibeli kadhaa papo hapo. Ikizidi hadi ikakoroma, ivute mbele hatua moja. Kusogeza spika ni bure. Pengine ndiyo maana hakuna anayekuambia dukani.

Ninajua nitaambiwa kwamba fedha ni za mtu mwenyewe na furaha yake ni yake. Siikubali hoja hiyo katika kijiji ambacho mtu huhesabu kilo za korosho kwa mkono mmoja na madeni ya mwaka kwa mkono mwingine. Fedha ile ilipuliziwa dawa, ilipaliliwa, iliokotwa chini ya mikorosho moja moja, ikapelekwa ghalani kwenye chama cha msingi, ikangoja mnada. Aliyeipata ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu chuma anachonunua.

Kwa hiyo nina madai mawili. Shirika la Viwango, TBS, lihakikishe kwamba waya wowote wa spika unaouzwa nchini umeandikwa ubavuni, kwa Kiswahili, umetengenezwa kwa chuma gani na unene wake ni milimita ngapi za mraba, kama tulivyozoea kuusoma unene wa nyaya za ukutani. Na nyinyi wenye maduka, wekeni wembe kaunta. Mteja apewe ncha ya waya akwangue mwenyewe kabla hajatoa fedha mfukoni. Mpwa wangu ameshaanza kwenda na wa kwake. Duka la kwanza alikojaribu walimpokonya roli mkononi, wakalirudisha juu kwenye rafu.